Kilio cha Msukuma Mabomu

Mama Godelive alipopigiwa simu na kuambiwa kwamba mdogo wake amekufa kweli, neno la kwanza kumtoka lilikuwa, "Huyo mujinga." Akaketi juu ya gunia la unga wa muhogo, akalifinya kwa vidole mpaka mshono ukaachia, akasema tena, "Huyo mujinga kabisa."

Ilikuwa Agosti 2013, saa nne asubuhi, kwenye meza yake katika soko la Warwick, Durban, chini ya daraja. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza nikipima kipande cha kitenge. Jina langu Clementina, ni fundi cherehani, natoka Bukoba. Kwa miaka minne tulikuwa tumepanga pamoja flati ya chumba kimoja huko Umbilo, pazia katikati, kitanda chake huku, cherehani yangu kule. Hakuwahi kuniita Clementina. Aliniita Tanzania, kana kwamba nchi nzima imehamia nyuma ya lile pazia, na mchele wa Mbeya ukija na mawe, mimi ndiye niliyegombezwa.

"Nani mjinga?" nikamwuliza.

"Peguy. Amekufa."

"Lini?"

"Miaka kumi na tatu imepita." Akainuka akakung'uta unga kwenye sketi. "Lakini miye ndiyo wamenijulisha leo."

Hapo inabidi nieleze Mama Godelive ni mtu gani, maana asiyemjua angedhani hana moyo. Alizaliwa Likasi, Kongo, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na tisa na Peguy ana sita, na baba akaoa mwanamke ambaye hakutaka kuona mtoto wa mwenzake karibu na sufuria yake. Basi Godelive akamlea Peguy. Akaolewa naye, kama alivyokuwa akisema, maana mume alipokuja kuchukua mke alikuta mke ana mtoto wa kiume amekaa juu ya sanduku la nguo. Mume huyo baadaye alifuata mwanamke mwingine Zambia. Binti yao akaolewa Kitwe. Godelive akashuka kusini peke yake mwaka 2001, kwa malori, kwa mabasi na kwa miguu, akafika Durban na mfuko mmoja na maneno mengi.

Maneno hayo hayakupungua. Aliuza makayabu, yaani samaki wa chumvi, na sombe, yaani kisamvu kilichosagwa, na unga wa muhogo, na hakuna mteja aliyeondoka bila kusemwa. Ukibonyeza samaki alikuuliza kama wewe ni daktari. Bibi wa Kizulu aliyeuza mizizi meza ya jirani hakujua Kiswahili hata neno moja, lakini alikuwa akicheka kabla Godelive hajamaliza sentensi. Na bibi huyo alipolazwa na presha, ni Godelive aliyelinda mizizi yake wiki mbili, akiwauzia watu kwa magonjwa aliyoyabuni mwenyewe.

Kuhusu Peguy, nilikuwa nimesikia nusunusu. Mara ya kwanza aliponiambia mdogo wake alikuwa "musukuma", nilifurahi, nikamwuliza alifikaje Kongo kutoka Mwanza.

"Mwanza gani? Alikuwa anasukuma mabomu!"

Ndivyo ilivyokuwa. Wakati wa vita, jeshi halikuwa na ndege za kutosha za kudondosha mabomu. Lilikuwa na ndege kuukuu ya mizigo, ya Kirusi, yenye mlango mkubwa mkiani. Wakapanga mabomu ndani juu ya mbao, kama kreti za bia. Ndege ikifika juu ya adui, mlango unafunguliwa, vijana wanne wanakaa chini, wanashika kamba ukutani, na wanasukuma kwa miguu. Peguy alichaguliwa kwa sababu alikuwa mfupi na ana mapaja. Aliingia jeshini Lubumbashi mwaka 1998, na mwaka 2000, akiwa na miaka ishirini na moja, hakurudi. Godelive alikwenda kambini mara tano. Mara nne walimwambia ametoweka. Mara ya tano hata mlinzi wa getini alikuwa ametoweka.

Kwa hiyo hakuwahi kumlilia. Watu wa kanisa walimshauri afanye hata maombi madogo, akakataa. "Nitalia mutu, nitapika, nitalisha batu mia, halafu aingie mu mulango aniulize iko nini ku sahani?"

Aliyepiga simu siku hiyo aliitwa Gilbert. Alikuwa fundi mitambo wa ndege ileile, na sasa alikuwa na gereji ya mabasi Lubumbashi. Abiria mmoja kutoka Durban alimtaja mwanamke wa Likasi mwenye ulimi mkali anayeuza samaki, aliyekuwa na mdogo wake jeshini, na Gilbert akajua. Akaeleza kwamba asubuhi moja ya ukungu ndege iligonga mlima. Wote walikufa. Yeye hakupanda siku hiyo kwa sababu alikuwa anaharisha.

"Anasema kuhara ndiko kumemupa batoto batano," Godelive akaniambia baada ya kukata simu. "Unaona? Peguy tumbo lake lilikuwa zima siku zote. Hata siku ya kuugua hakujua kuchagua."

Halafu akalia. Alilia kwa nguvu, pale pale, mpaka bibi wa mizizi akaja akamshika, na watu waliokuwa wakipita kwenda kwenye taxi wakasimama. Alipomaliza alijifuta uso kwa kitenge nilichokuwa napima, kitenge cha mteja, na akaniambia niwaite watu wa kanisa.

Kosa langu lilikuwa kumwita Pasteur Hardy.

Pasteur Hardy, mchungaji wao, alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye suti zinazong'aa kama karatasi za peremende. Alikuwa na moyo mzuri, lakini hakujua kufanya jambo dogo. Alipofika Umbilo akakaa kwenye kitanda changu, akasikiliza habari yote, na kabla hajamaliza chai alikuwa ameshaamua kwamba Peguy ni shujaa.

"Mama, huyu si marehemu wa kawaida. Huyu ni aviateur, mtu wa ndege! Ni héros!"

"Pasteur, alikuwa anasukuma."

"Alisukuma kwa ajili ya taifa."

"Alisukuma ju ya mushahara, na mushahara wenyewe hawakumupa."

Haikusaidia. Kamati ikaundwa. Akina mama wakataka sare ya kitenge, na ikapendekezwa kitenge chenye picha za ndege. Maduka yote ya mjini hayakuwa na kitenge cha ndege za vita, yalikuwa na kile cha mbayuwayu. Pasteur akasema mbayuwayu naye huruka. Nikashona magauni ishirini na saba ya mbayuwayu kwa wiki tatu, na mpaka leo nikimwona ndege huyo macho yananiuma.

Kisha likaja bango. Godelive alikuwa na picha moja tu ya Peguy, ndogo, ya kitambulisho, amekaza macho kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Pasteur akaipeleka kwenye duka la kuchapisha huku akimwambia kijana wa kompyuta aweke "kitu cha anga". Kijana akakata kichwa cha Peguy akakiweka juu ya mwili wa rubani fulani wa kutoka kwenye mtandao, amevaa ovaroli, kofia ya chuma kwapani, nyuma yake ndege ya kivita yenye pua kali inayotema moto. Chini wakaandika SHUJAA WA ANGA. Bango lilikuwa refu kuliko mlango. Tulipolifungua, Godelive aliliangalia muda mrefu.

"Pasteur."

"Mama."

"Mbona mikono ni ya Muzungu?"

Kweli, ile mikono ilikuwa ya waridi, yenye vinyweleo vya rangi ya dhahabu.

"Ni mwanga tu, Mama."

"Peguy amekuwa métis, chotara, kuanzia shingo kushuka," akasema, na akacheka mpaka akashika ukuta.

Kilio kikafanyika Jumamosi moja ya Oktoba, saa sita mchana, kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa, jirani na Umbilo Road. Walikuja Wakongo wa Sydenham, wa Point, wa kila kona, na Watanzania tuliokuwa karibu. Sufuria zilijaa: bukari, ndio ugali wao, sombe, makayabu, mbuzi. Na kwa kuwa kulikuwa na sufuria, alikuwepo pia Jacques.

Jacques alikuwa mlinzi wa magari kwenye maegesho ya supamaketi hapo Umbilo Road, mtu mrefu mwembamba wa miaka thelathini na tano hivi. Alijulikana kwa mambo mawili: fulana yake ya manjano inayong'aa ambayo haikuvuliwa hata kanisani, na kutokosa msiba. Awe amekufa Mkongo, Mrundi, Mtanzania, Jacques alikuwepo, kimya, nyuma kabisa, karibu na chakula. Hakuna aliyemkasirikia. Alikuwa kama kiti cha ukumbi.

Pasteur akahubiri. Alisema Peguy tangu utotoni alitazama mbingu. Alisema alikuwa mtiifu, mpole, mpenda masomo, na kwamba aliruka kama tai kulinda wajane na mayatima. Akina mama wa mbayuwayu wakaitikia amina. Godelive, aliyekaa mbele, alianza kutikisa goti. Namjua. Goti likianza, mdomo uko njiani.

Akasimama.

"Pasteur, samahani. Uyo mutu unasema, miye simujui. Acha niwaambie wangu."

Pasteur akabaki na kipaza sauti mkononi, lakini Godelive hakukihitaji, na Kiswahili chake cha Kongo, chenye "njo" badala ya "ndio", kilifika kila kona.

"Peguy alikuwa mwizi ya mayai. Si mayai moja, mbili. Alikuwaka anaingia mu banda ya jirani anatoboa mayai na musumari, anakunywa, anarudisha ganda vizuri chini ya kuku. Jirani alingojea vifaranga mwezi muzima! Kuku ilikonda, masikini, ikikalia maganda."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia.

"Mucheke. Masomo? Alirudia mwaka wa nne mara tatu, mwalimu akamuzoea akawa anamutuma sigara. Kutazama mbingu? Alikuwa anatazama Larissa, binti wa muuza mikate. Larissa alimwambia hawezi kutembea na mutu bila uniforme. Peguy akaenda kwanza ku posta, wakamukatalia. Akaenda ku zima-moto, wakamukatalia. Njo akaenda jeshi. Jeshi haikatalii mutu. Na Larissa akaolewa na wa posta!"

Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimeinamia magoti.

"Na alikuwa anasahau! Yesu wangu, ule mutoto alikuwa anasahau. Siku moja nilimutuma soko kununua chumvi, nikamufunga binti yangu ku mugongo. Akarudi na chumvi. Binti hakuna! Alimushusha kidogo ku muuza nyanya apumuzike, akasahau. Tulikuta mutoto amekaa juu ya nyanya anakula. Siku alipanda camion ya jeshi, alisahau viatu. Nilikimbia nyuma ya camion nikivirusha, kimoja kikaingia, kimoja kikapiga kaporali. Njo mara ya mwisho nilimuona. Aliinua kile kimoja akanipungia."

Hapo naye akainua mkono mtupu, akapunga. Akabaki amesimama, na kicheko cha ukumbi kikaanza kugeuka, watu wakijifuta macho bila kujua machozi ni ya nini.

Ndipo Jacques akainuka kule nyuma, na ile fulana yake ya manjano.

"Mama, miye naomba kuuliza," akasema. Kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake kwenye msiba. "Hiyo ndeke ya mudogo wako. Ilikuwa na mulango ku mukia?"

"Njo hiyo."

"Na ubavu mmoja walipaka rangi ya kijani, mwingine hawakumaliza?"

Godelive akasema hajui. Hakuwahi kuiona.

"Miye niliiona. Ilikuja kwetu mara ine." Jacques alitoka katika kijiji kimoja kando ya ziwa, upande ambao vita vilipofika ulikuwa mikononi mwa waasi. Alieleza polepole, akitazama sakafu. Mara ya kwanza, mwezi wa pili mwaka elfu mbili, ndege ilipita chini hata waliona watu ndani ya ule mlango, wadogo kama siafu, miguu imenyooka. Yakashuka mabomu manne. Moja lilianguka penye mawe ya kufulia. Dada yake Immaculée alikuwa pale, na nguo. Alikuwa na miaka kumi na tisa.



"Halafu ilirudi tena mara tatu," Jacques akaendelea. "Tulikimbia mu mashamba, tukalala chini, tukafunika masikio. Mabomu yakaanguka. Puu. Kama magunia. Hayakupasuka hata moja. Moja iliingia mu choo ya chef wa kijiji, ikapita paa, ikazama. Mupaka leo hakuna mutu anachuchumaa pale."

Kicheko kikatoka, kifupi, cha aibu, kikafa. Pasteur Hardy akaona nafasi. Akaruka mbele na kipaza sauti.

"Aleluya! Mumesikia? Huyu kijana alikataa kuua! Moyo wake ulimchoma, akayafanya mabomu yasilipuke! Nilisema ni héros!"

"Alisahau," Godelive akasema.

"Mama, ni huruma ya—"

"Pasteur, nyamaza. Peguy alisahau. Iko kitu ya kuvuta ku bomu, na hakuvuta, ju alikuwa anafikiri chakula. Namujua."

Jacques alikuwa bado amesimama. "Na ile ya kwanza," akasema, si kwa hasira, "alikumbuka?"

Mama Godelive akaingiza mkono kifuani, akatoa simu, akampigia Gilbert huko Lubumbashi mbele ya watu wote, akaweka sauti kubwa. Pasteur alitaka kuanzisha wimbo. Mama mmoja wa mbayuwayu akamshika koti akamkalisha.

Gilbert alipokea, nyuma yake injini ya basi ikinguruma. Godelive akamwambia yuko kwenye kilio, watu wanasikiliza, asiseme uongo. Akamtajia kijiji na mwezi. Gilbert akaomba injini izimwe.

"Tulienda pale, ndiyo," akasema. "Ilikuwa safari yake ya kwanza."

"Nani alikuwa anatayarisha mabomu?"

"Peguy. Kila bomu ilikuwa na pini, na ku pini iko utepe mwekundu. Unavuta pini, halafu unasukuma. Siku ile nilisimama nyuma yake. Alivuta zote ine. Alitia zile tepe mu mufuko, alisema atazipeleka kwa dada yake mukubwa, yaya yake, atafungia nywele."

Godelive alijishika kichwa. Jacques hakusogea.

"Na safari zingine?"

"Zingine alirudi bila utepe. Nikamuuliza, 'Peguy, pini?' Akasema, 'Eh, nimesahau.' Mara ya pili, nimesahau, na kamanda alimupiga makofi mbele ya batu bote, akamuambia akisahau tena atasukumwa yeye. Mara ya tatu, tena nimesahau. Wiki ile njo ndeke iligonga mulima."

"Gilbert, niambie ukweli. Alisahau ao hakutaka?"

"Yaya, miye ni fundi wa mitambo. Mu kichwa ya mutu siingii. Alisema amesahau, akacheka."

"Alicheka namna gani?"

Gilbert akafikiri. "Kama mutu amekunywa mayai ya wenyewe."

Simu ikakatika, au aliikata. Godelive akabaki akiangalia kioo chake. Halafu akapita katikati ya viti mpaka nyuma, akasimama mbele ya Jacques. Alikuwa anamfikia kifuani.

"Dada yako anaitwa Immaculée nani?"

Akamtajia jina lote.

"Nataka tumutaje hapa. Pasteur ataandika ku bango."

Jacques akainua macho akalitazama lile bango, ndege ya moto, mikono ya waridi. "Hapana, Mama. Usimuweke pale. Chini ya ile mikono ya Muzungu, hapana."

Akageuka akatoka. Sufuria zilikuwa bado hazijafunuliwa. Tulitazamana. Jacques alikuwa ameondoka msibani bila kula.

Sisi tulikula. Sitaki kudanganya, tulikula sana, maana chakula kilikuwa kingi na watu wakipatwa na mambo mazito hula. Pasteur alikuja kuomba radhi, Godelive akampa pakiti ya nyama ya mbuzi aende nayo nyumbani, akamwambia alikunje bango vizuri, turubai lake ni imara, litafunika unga mvua ikinyesha. Usiku alilala mapema, au alijilaza. Asubuhi nikamkuta amekaa kitandani na ile picha ndogo ya kitambulisho.

"Tanzania," akasema, "mutu anaweza kusahau kitu moja mara tatu?"

"Wewe ndiye unayemjua."

"Anaweza. Peguy anaweza kusahau mara mia." Akaigeuza picha, akaitazama nyuma kama kuna maandishi. "Lakini makofi alikuwa anaogopa sana. Mutu akimupiga kofi, hasahau tena."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Alikuwa anazungumza na ile picha.

Baada ya hapo alianza kwenda kwenye yale maegesho. Mara ya kwanza nilikuwa naye, tunapita kununua uzi. Jacques alituona akahamia upande wa pili wa magari. Godelive hakumfuata. Alisimama dakika kumi, akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi, na Jacques akamsalimia kwa kichwa tu, akaendelea kuelekeza gari lililokuwa linarudi nyuma. Mimi nilimwambia amwache mtu wa watu. Akanijibu nishone.

Mara ya tatu ilikuwa Desemba, jua la kupasua fuvu, watu wakibeba masanduku ya Krismasi. Godelive alikwenda akakaa kwenye ukingo wa saruji, miguu ameinyoosha lamini, na kapu lake mapajani. Mimi nikakaa karibu kwa sababu nilikuwa nimechoka. Jacques alikuja akasimama mbele yetu.

"Mama, unataka nini kwangu? Unataka nikusamehe?"

"Hapana," Godelive akasema. "Peguy akitaka musamaha, ajiombee mwenyewe kule iko. Ana mudomo. Miye nilimuzaa? Nilimulea tu." Akajifunika macho na mkono ili amwone vizuri. "Nilisema yangu yote mbele yako. Mayai, viatu, Larissa. Wewe ulisema moja tu, kwamba dada yako alikuwa na nguo ku mawe. Nimekuja kuuliza alikuwa mutu wa namna gani. Na usiniletee malaika, Jacques. Malaika Pasteur amenichosha nao."

Gari jeupe lilikuwa linataka kutoka, Jacques akaenda akalisimamishia mengine, akapunga mkono, akapokea sarafu, akasema "sharp", ndiyo asante ya Durban. Nilidhani atabaki huko huko. Akarudi, akachuchumaa mbele yetu.

"Alikuwa mubaya," akasema.

"Ah."

"Mubaya sana. Alikuwa ananipiga. Miye ni mukubwa kwake miaka miwili, na alikuwa ananipiga! Akicheza karata anaficha karata mu nywele. Kuimba, hakujua, na aliimba kutoka asubuhi. Kuku zilikuwa zinatoka mu kiwanja."

"Endelea."

"Kulikuwa na catéchiste mmoja, muzee, alivaa kostimu, ile suti, kila Dimanche ya kwenda kanisa, alikuwa na tabia ya kugusa mabinti mabega akibariki. Immaculée alimuomba aje abariki pirogue, mutumbwi ya baba. Akaja. Akasimama ku ncha na biblia. Immaculée akamusukuma mu ziwa."

Godelive akaweka kapu chini. "Na kostimu?"

"Na kostimu, na biblia, na viatu vya ngozi."

"Alijua kuogelea?"

"Immaculée?"

"Catéchiste."

"Hapana."

"Mama yangu! Sasa?"

"Eish, tulisimama tu. Kila mutu anaogopa. Immaculée njo aliruka akamutoa, akamuvuta kwa tai mupaka ku muchanga. Halafu akamuambia amushukuru, ju bila yeye angekufa."

"Akashukuru?"

"Alishukuru! Mbele ya kanisa yote, Dimanche iliyofuata!"

Godelive alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka kikaanguka lamini. Jacques naye alicheka, akiwa amefunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu kuliko kicheko. Dereva mmoja akapiga honi, akapiga tena, akateremsha kioo akitafuta mlinzi wake. Godelive akaokota kitambaa, akanisukuma kiwiko.

"Tanzania, simama ukaongoze ile gari. Huyu bado anasema."

Nikasimama nikaenda. Sijui kuendesha hata baiskeli. Nilipunga mikono kama nilivyomwona Jacques akipunga, na yule dereva akanifuata kinyumenyume, akaingia barabarani salama.